Barua Niliyomchapia Joséline

Nimechoka na mwezi wa saba. Kila mwaka matokeo ya kidato cha sita yakitoka, steshenari yangu hapa Makanyagio inakuwa kama zahanati siku ya kliniki. Watu wamejaa kwenye benchi, wengine wamesimama barazani, kila mmoja ameshika kikaratasi chenye namba yake ya mtihani, na wote wanataka niwaombee chuo leo hii hii. Mtandao unasuasua, umeme unakatika na kurudi, na mzazi aliyetoka Kibaoni tangu alfajiri ananiuliza kwa mara ya nne kama nimeshabonyeza. Nimebonyeza, mzee wangu. Tusubiri.

Naitwa Emelyne, na kazi hii naifanya mwaka wa kumi na tatu sasa. Watoto wa siku hizi wanajua kujaza fomu kwenye simu zao, lakini wanaogopa kukosea, kwa hiyo wanakuja kwangu. Paswedi zao ninazo kwenye daftari kubwa, maana wakishaondoka wanazisahau wote. Na mbali ya fomu, naandika barua. Mwalimu aliyechelewa kurudi kazini, mlinzi aliyekosa zamu, mwanafunzi aliyekosa mtihani, wote wanakaa kwenye kiti kile cha plastiki na kunieleza, na mimi nachapa. Kwa barua hizo nina neno moja tu, malaria. Mama amegombana na mumewe akakimbilia kwao wiki mbili, naandika malaria. Kijana alikamatwa akalala polisi siku tatu, malaria. Sijawahi kumwona bosi akiuliza swali la pili baada ya hapo, kwa sababu kila mtu huku ameshaugua na ameshauguza. Hapa kwetu hatuhesabu kwamba huo ni uongo. Ni namna ya kumsitiri mtu.

Nayasema haya mapema ili nisije nikaonekana nilifanya kwa ubaya.

Joséline ni mtoto wa kwanza wa kaka yangu Libérat. Wanakaa Magamba, wanalima mahindi na karanga, na kwa miaka mingi hakuna aliyewajua zaidi ya majirani na watu wa kanisani. Kisha Joséline akamaliza kidato cha nne na Divisheni Wani ya pointi saba, ambayo ndiyo ya juu kuliko zote, na mchungaji akamsimamisha mbele ya kanisa zima. Kuanzia Jumapili ile jina lake likawa Dokta. Kina mama walikuwa wanamfuata hadi kisimani wakimwonyesha vidonda. Mzee mmoja alimletea karatasi zake za hospitali amsomee. Binti mwenyewe alikuwa na miaka kumi na saba, miguu myembamba, anacheka kwa kuficha mdomo, na alikuwa anajibu kila mtu kwa upole kwamba bado hajasoma hayo. Hawakumsikiliza, na nakiri kwamba hata mimi nilikuwa namwita Dokta mbele ya wateja ili waulize ni nani huyo.

Akapangiwa kidato cha tano shule ya bweni, Fizikia, Kemia na Baiolojia. Mwaka wa kwanza alikwenda vizuri. Mtihani wa kumaliza kidato cha tano alipata A mbili na B moja, na ripoti ile Libérat aliitia kwenye mfuko wa nailoni akaifungia sandukuni pamoja na vyeti vyao vya uraia.

Desemba ya kidato cha sita alikuja kupumzika kwangu, na sikumtambua. Alikuwa analala mpaka saa sita mchana. Ukimpa chakula anakichezea. Ukimwita anaitika baada ya muda, halafu anakuangalia kama umemwamsha. Siku nne hakuoga. Mimi si mtu wa kuzunguka mbuyu, nikamfungia mlango wa chumba nikamuuliza, "Nani huyo mwanaume?"

"Hakuna mwanaume, masenge," akasema. Masenge ndiyo shangazi kwa Kirundi chetu.

Sikumwamini. Nilinunua kipimo cha mimba, nikamsimamia. Hakuwa na mimba. Mungu anisamehe, nilivunjika moyo, maana mimba ningejua la kufanya.

Baba yake aliposikia alimrudisha Magamba, akasema ni malaria. Akapimwa, haikuonekana. Libérat akasema hiyo ni malaria ya ndani, haionekani kwenye kipimo, akamnunulia dozi. Mama yake, wifi yangu Marta, akafunga siku tatu kumwombea. Januari tukamrudisha shule na mfuko wa karanga na maneno ya kujikaza.

Aliyemwona alikuwa mwalimu wake wa malezi, Madamu Scolastica. Kwenye mtihani wa mock, Joséline alikaa saa tatu mbele ya karatasi ya Baiolojia, somo lake analolipenda kuliko yote, na akairudisha ina jina na namba tu. Madamu hakumpiga wala hakumwita mzazi. Alimchukua kesho yake hadi hospitali, wakapitia daktari wa kwanza, wakapelekwa kwa wa pili, na huyo wa pili akaandika kwamba binti ana sonona. Akapewa dawa na akapangiwa kurudi kila baada ya wiki mbili, kuzungumza. Kufika Aprili alikuwa ameanza kula na kusoma ukurasa akakumbuka ulichosema. Mtihani wa taifa ulikuwa Mei.

Matokeo yalipotoka niliyafungua mimi, hapa hapa, yeye akiwa amesimama nyuma yangu. Baiolojia C, Kemia D, Fizikia D. Divisheni Tuu ya pointi kumi na moja.

"Umefaulu," nikamwambia.

"Udaktari hawanichukui na hii, masenge."

"Sifa za chini si unazo? Nimesoma kwenye kitabu chao. D tatu zinatosha kuomba."

"Kuomba," akasema, akaenda kukaa kwenye benchi na wateja.

Alikuwa sahihi, na mimi kwa miaka yangu yote ya kazi hii nilikuwa najua. Kitabu kinasema D tatu, lakini watoto wenye A tatu wako wengi kuliko viti. Tuliomba vyuo vitatu vikubwa. Kwenye fomu zile unaingiza namba ya mtihani tu, mashine inavuta alama yenyewe, unabonyeza mbele. Hakuna mahali pa kuandika kwamba mwaka jana mtoto huyu alikuwa na A mbili na B, wala kwamba katikati hapo aliugua. Nilizipitia kurasa zote nikitafuta. Vyote vitatu vilijibu kwamba hakuchaguliwa.

Kilibaki kimoja. Chuo cha binafsi, mbali na huku, kinachukua wanafunzi wachache wa udaktari kwa ufadhili, na hicho kilikuwa kinasoma watu. Kilitaka ripoti za kidato cha tano na cha sita, barua ya mwombaji ya kueleza maisha yake, na barua ya mwalimu, ambayo mwalimu anaituma mwenyewe moja kwa moja. Madamu Scolastica akatuma yake. Joséline akaandika ya kwake kwa mkono, kwa Kiingereza chake kizuri, kurasa mbili, akaniletea nichape.

Niliisoma wakati yeye amekwenda sokoni kunichukulia mchicha. Aliandika kila kitu. Kwamba kuanzia Septemba alikuwa anaamka amechoka kuliko alivyolala. Kwamba alikuwa analijua jibu na mkono haunyanyuki. Kwamba alikuwa anasikia wenzake wakimwita Dokta na anatamani ardhi immeze. Kwamba daktari aliuita ugonjwa huo sonona, kwamba bado anameza dawa, na kwamba anataka kuwa daktari wa watu wenye ugonjwa huo kwa sababu huku kwao hakuna anayeujua.

Nikaogopa. Nasema wazi, niliogopa sana. Nikawaza wale watu wa chuo wamekaa kwenye kiyoyozi chao wanasoma kwamba binti anameza dawa za akili, na anaomba apewe kisu cha kupasulia watu. Nani atampa? Na huyu ataolewa na nani siku karatasi hii ikizagaa? Vidole vyangu vimezoea. Pale alipoandika sonona, nikachapa malaria kali iliyojirudia. Ile habari ya mkono usionyanyuka nikaifanya homa. Dawa anazomeza nikaziondoa. Kwenye sentensi ya mwisho nikaandika kwamba anataka kuwa daktari wa kupambana na malaria Katavi, na nikaona imekaa vizuri kuliko ya kwake.

Aliporudi nilimpa ukurasa wa pili aweke saini. Akaweka, hakuomba kuuona wa kwanza wala hakuusoma huo wenyewe. Nilikuwa nimemchapia barua tangu ya kuomba sare ya darasa la tano. Nikaskani, nikatuma.

Wiki tatu baadaye wakaita usaili, kwa video. Siku ile nilifunga duka saa tatu asubuhi nikawaambia watu warudi mchana. Nilimpigia pasi blauzi nyeupe, nikaweka kompyuta mahali penye mwanga, nikajikalisha nyuma ya mashine ya fotokopi ambapo kamera haifiki. Walikuwa watatu, mwanamke mmoja na wanaume wawili. Walimsalimia vizuri. Walimuuliza habari za kwao, akaeleza Magamba mpaka nikajisikia fahari. Walimuuliza swali la Kemia, akajibu. Moyo wangu ukaanza kutulia.

Ndipo yule mama akavaa miwani.

"Joséline, barua yako inasema alama zilishuka kwa sababu ya malaria. Barua ya mwalimu wako, na ripoti ya hospitali aliyoiambatanisha kwa ridhaa yako, zinasema sonona. Hatuoni malaria popote. Tusaidie kuelewa."

 Joséline alikunja uso kama mtu anayesikiliza lugha ya kigeni, kisha akageuza kichwa polepole akaniangalia pale nilipokaa. Sikumbuki kama nilimkwepa au nilimwangalia. Najua nilifanya nini na mdomo wangu, niliufunga. Ilikuwa ni kunyanyuka tu, hatua mbili, niseme shikamoo waheshimiwa, mimi ni shangazi yake, nimechapa mimi. Nilizipima hatua zile mbili kwa macho. Miguu ilikataa, na si miguu, ni mimi niliyekataa. Niliona aibu mbele ya watu nisiowajua, nikamwachia mtoto aibu yote abebe peke yake.

"Ya hospitali ndiyo ya kweli," akasema hatimaye. "Niliugua sonona."

"Na barua?"

"Barua... Barua ina saini yangu."

Yule mama akaandika kitu. Mwanaume mmoja akauliza kama ana swali kwao, akasema hana, wakamshukuru. Picha ikazima. Joséline akakaa anaangalia kioo kitupu.

"Wamekupenda," nikasema.

Alinyanyuka akaenda kuwafungulia wateja mlango.

Hakuniuliza siku hiyo wala kesho yake, na huko kutouliza ndiko kulikonimaliza. Alinisaidia kazi kama kawaida, alipika, aliosha vyombo, alimeza vidonge vyake mbele yangu na maji ya kikombe cha bati. Mimi ndiye niliyekuwa siwezi kula. Jibu lilikuja Jumatatu, mistari minne. Wanashukuru, ushindani ulikuwa mkubwa, wanamtakia heri. Hawakutaja barua. Mpaka leo sijui kama walimkataa kwa pointi au kwa kazi yangu, na sitajua. Wakati mwingine najiambia ni pointi, na kuna siku naamini.

Nikamwambia nikiwa nimesimama. Nikamwambia neno nililofuta na nililoweka, na kwa nini. Nililia, na kulia kwenyewe kulinikera, maana si mimi niliyekosa chuo.

Alinisikiliza mpaka mwisho. "Nilijua tangu siku ile," akasema. "Niliitafuta barua kwenye kompyuta yako, nikaisoma."

"Mbona hukusema?"

"Niseme nini, masenge? Ningekataliwa na barua yangu, ningejua nimekataliwa mimi. Ningelia yangeisha. Sasa wamemkataa yule wa malaria. Mimi hawajawahi hata kuniona."



Baadaye jioni akaniambia kuna kitu kimoja anataka. Hakutaka niwaandikie chuo, dirisha limeshafungwa. Alisema ameamua kurudia mtihani mwakani kama mtahiniwa wa kujitegemea, na atajaza fomu mwenyewe. Lakini hawezi kurudi kukaa kwa baba yake mwaka mzima akisoma huku kila asubuhi anaulizwa kama malaria imetulia, na vidonge vyake anavificha ndani ya soksi. "Baba mimi hanisikii," akasema. "Wewe ni dada yake. Twende ukamwambie. Useme hilo neno lenyewe."

Tulipanda bodaboda Jumamosi, watatu kwenye pikipiki moja, vumbi mpaka kwenye meno. Njia nzima nilikuwa nafanya mazoezi. Kaka yangu si mkali, lakini ana namna ya kunyamaza inayokufanya ujione umekuja kumwibia. Tulimkuta uani amekaa kwenye kigoda, anapukuchua mahindi ya mwisho, Marta amekwenda kanisani kwenye kwaya. Tukamwamkia. Joséline akavuta gunia akakaa, akachukua hindi akaanza kumsaidia. Nikabaki nimesimama mimi peke yangu na mkoba wangu kama afisa wa kata.

"Libérat," nikasema, "Joséline hakuugua malaria."

Akaendelea kupukuchua.

"Aliugua sonona. Ni ugonjwa wa akili, wa huzuni, daktari ameuandika, upo kwenye karatasi. Ndio uliomshusha alama. Na anameza dawa zake, na atazimeza hapa hapa kwako, mbele yako. Na chuo kile amekikosa, na mimi nilichangia, kwa sababu niliandika malaria."

Nilisema yote kwa pumzi moja. Punje zilikuwa zinadondoka kwenye beseni. Nikasubiri aseme hakuna mwendawazimu kwenye ukoo wetu, kwa sababu ndilo nililokuwa nimejiandaa kulijibu.

"Emelyne," akasema, bila kunyanyua macho, "wewe mama yetu unamkumbuka?"

"Namkumbuka."

"Unakumbuka alivyokuwa anaugua?"

Nilikumbuka. Nilikuwa mdogo, lakini nilikumbuka mlango wa chumba chake umefungwa mchana, na sisi tunaambiwa tusipige kelele, mama ana malaria. Msimu mzima wa kupanda amelala anaangalia ukuta. Halafu ananyanyuka, analima, anacheka na watu, na mwaka mwingine tena mlango unafungwa. Nimekuwa mtu mzima, nimezaa, nimezika, na sikuwahi kujiuliza ni malaria gani inamlaza mtu miezi mitatu bila homa.

"Mimi ndiye niliyekuwa nampelekea uji," Libérat akasema. "Nilikuwa naona. Desemba huyu alipokuja hapa akalala akageukia ukutani, nilimwona mama. Ndiyo maana nikakimbilia kununua dozi. Ningefanya nini kingine? Mimi nimefundishwa hilo tu."

Joséline alikuwa ameacha kupukuchua. Hindi liko mkononi, nusu lina punje na nusu halina.

"Baba," akauliza, "bibi alipelekwa wapi?"

"Hakupelekwa popote."

"Walimpa nini?"

Kaka yangu akaweka gunzi chini. Nilimwona akitafuta jibu jingine, lenye staha zaidi, na nilimwona akilikosa.

"Klorokwini," akasema. "Tulimnywesha klorokwini mpaka akawa anasema masikio yanalia. Tukamshikilia mikono, tukampa tena."